Figo hazipigi yowe

Juma hili, ndugu msomaji, nataka tuzungumze juu ya figo. Najua si mazungumzo ya kupendeza wakati wa kifungua kinywa. Moyo una nyimbo zake, na tumbo lina methali zake na malalamiko yake kila siku. Figo hazina mshairi. Zimejificha mgongoni, zinachuja damu usiku na mchana, na zikiumia hazipigi yowe. Tumbo, kinyume chake, likikosewa kidogo tu hupiga kelele mpaka nyumba nzima isikie: kichefuchefu, kutapika, kuharisha.

Kati ya kelele za tumbo na ukimya wa figo ndipo ilipo hadithi ninayotaka kuisimulia leo. Ni hadithi ya dawa kali zilizopita katika nchi yetu ya magharibi, tangu siku za misafara ya wapagazi mpaka siku hizi za vidonge vya kurefusha maisha ya watu wenye virusi vya UKIMWI. Na niseme mapema ninakoelekea, ili asiwepo atakayenielewa vibaya: sisemi dawa ziachwe. La hasha! Nasema kwamba dawa inayomfuata adui ndani ya nyumba haiwezi kupita bila kumgusa mwenye nyumba, na kwa hiyo kumpima mwenye nyumba ni sehemu ya tiba yenyewe. Wazee wa zamani walilijua jambo hili. Sisi tuko katika hatari ya kulisahau.

Hebu tuanzie Igunga. Anayesafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza huteremka kilima cha Sekenke, hupita Shelui, huvuka mbuga ya Wembere, na ndipo huingia Igunga. Akiendelea atafika Nzega, kisha Tinde, pale barabara inapogawanyika: mkono mmoja Shinyanga na Mwanza, mkono mwingine Kahama na mpaka wa Rwanda na Burundi. Malori ya mizigo hayakauki katika barabara ile. Njia kuu ya misafara ya karne ya 19 ilipita kusini ya hapo, kutoka Bagamoyo kwenda Mpwapwa, Ugogo, Tura, hadi Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, na kutoka Tabora hadi Ujiji. Lakini kazi ilikuwa ni ile ile. Zamani mgongo wa mpagazi wa Kinyamwezi, leo tela la lori. Zamani pembe za ndovu na marobota ya kaniki, leo mafuta na saruji.

Njia ya biashara hubeba na visivyoandikwa katika hati ya mizigo. Misafara ilibeba ndui. Ilibeba pia kipindupindu, ambacho mwaka 1869 kiliingia Unguja na kuua maelfu ya watu. Na njia hiyo hiyo iliyobeba magonjwa ndiyo iliyobeba dawa, na baadhi ya dawa hizo zilikuwa kali kuliko wengi wetu tunavyofikiri.

Tumchukue David Livingstone, ambaye historia inamkumbuka zaidi kwa safari zake kuliko kwa udaktari wake. Mwezi Februari mwaka 1872 alifika Kwihara, karibu na Tabora, akiwa na Stanley. Stanley alipoondoka mwezi Machi, Livingstone alibaki hapo akisubiri watu na vifaa mpaka mwezi Agosti. Daktari huyu alikuwa na kidonge chake mwenyewe cha homa, ambacho baadaye kiliuzwa na kampuni ya dawa ya Uingereza kwa jina lake. Ndani yake mlikuwa na kwinini, na hiyo ilikuwa akili kubwa kwa wakati ule. Lakini mlikuwa pia na dawa za kuendesha tumbo, na mlikuwa na kalomeli, ambayo ni chumvi ya zebaki.

Zebaki, ndugu msomaji, ni sumu ya figo na ya utumbo. Aliyepewa kalomeli nyingi alitokwa na mate yasiyokoma, fizi zikavimba, meno yakalegea, tumbo likakata na kuharisha. Madaktari wa Ulaya wa karne ile waliyaona mate yale kuwa ni dalili kwamba dawa inafanya kazi! Kwao kelele za tumbo zilikuwa ushahidi wa nguvu ya dawa. Kilichokuwa kikitokea kwenye figo hakuna aliyekiona, maana figo hazikusema kitu. Tusimcheke Livingstone. Alitumia elimu ya zama zake, na kwinini yake iliokoa watu. Lakini funzo la kwanza tulishike hapo: dawa moja inaweza kubeba uhai na sumu katika kidonge kimoja, na mtoaji asijue mpaka wa kimoja na kingine.

Funzo la pili lilikuja na Wajerumani. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu wengi sana kuzunguka Ziwa Viktoria. Robert Koch, yule mwanasayansi mashuhuri aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alikuja mwenyewe mwaka 1906 na kuweka kambi katika visiwa vya Sese, huko Uganda. Dawa yake iliitwa Atoxyl. Jina hilo lilitungwa ili kutangaza kwamba dawa hiyo si sumu. Kumbe ndani yake mlikuwa na aseniki. Wagonjwa walipoonekana kurudiwa na ugonjwa, kipimo kiliongezwa. Wakaanza kuumwa na tumbo, na baadhi yao wakapofuka macho wasipone tena. Baadaye makambi ya matibabu yakafunguliwa katika koloni la Wajerumani lenyewe, kando ya Ziwa Viktoria na Ziwa Tanganyika. Watu walikuja, wakachomwa sindano, na wengi wakatoroka.

Vitabu vya wakoloni viliwaita watoro hao wajinga. Mimi nauliza: mtu aliyemwona jirani yake ameingia kambini anaona na kutoka akishikwa mkono, akikimbia ni mjinga? Alikuwa anahesabu. Hakupewa hesabu kamili na mganga, akaifanya mwenyewe kwa macho yake.

Sasa tuje kwenye dawa ambayo ndiyo mhimili wa mazungumzo yangu leo. Mwaka 1916, mwaka ule ule ambao majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora na kuwatoa Wajerumani, wanakemia wa kampuni ya Bayer huko Ujerumani walitengeneza unga waliouita Bayer 205. Baada ya vita daktari Friedrich Karl Kleine aliuleta Afrika kuujaribu, na ukaonekana kuwa dawa ya ajabu ya malale. Kampuni ilificha namna unavyotengenezwa, na kulikuwa na sauti huko Ujerumani zilizotaka siri ile itumike kudai warudishiwe makoloni yao, Tanganyika yetu ikiwemo. Siri haikudumu. Mwaka 1924 Mfaransa Ernest Fourneau wa Taasisi ya Pasteur alitangaza umbile la dawa hiyo. Baadaye ikajulikana duniani kwa jina la suramini.

Huku kwetu ilihitajika sana. Mwaka 1922 malale ya aina kali, yale yanayoua kwa miezi na si kwa miaka, yaligunduliwa upande wa Maswa. Katika miaka iliyofuata serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wengi wa magharibi ya Tanganyika kutoka vijiji vyao vya porini na kuwakusanya katika makazi makubwa, ili wakae mbali na mbung'o. Na pale Tinde, njia panda niliyoitaja, ilijengwa maabara ya malale. Kuanzia mwaka 1934 wataalamu wa Tinde waliwafuga vijidudu vya ugonjwa huo kwa kuwapitisha kutoka mnyama hadi mbung'o na kutoka mbung'o hadi mnyama, na mara kwa mara wakawaambukiza binadamu waliojitolea, ili waone kama vijidudu bado vina uwezo wa kumdhuru mtu. Kazi hiyo iliendelea kwa karibu miaka 20. Sayansi ya dunia nzima kuhusu malale ina deni kwa watu wale wa Tinde, ambao leo wapita njia hawayajui hata majina yao.

Suramini ilitibu malale ya hatua ya mwanzo vizuri. Lakini ilikuwa na tabia moja. Ikishaingia mwilini haitoki upesi. Hushikamana na protini za damu na kukaa wiki nyingi, na hujikusanya katika figo. Figo zikilemewa, huanza kupitisha protini kwenye mkojo, kama chujio la tui lililotoboka linavyopitisha machicha. Mgonjwa hajisikii maumivu yoyote. Hajui lolote.

Basi matabibu wakaweka kanuni. Suramini ilitolewa kwa sindano ya mshipa, kwa kawaida mara moja kwa juma kwa majuma kadhaa, na kabla ya kila sindano mkojo wa mgonjwa ulipaswa kupimwa. Kipimo chenyewe kilikuwa cha kimaskini kabisa: mkojo kidogo ndani ya kibomba cha kioo, juu ya moto wa taa ya spiriti. Ukichemka na kubaki safi, mgonjwa alichomwa sindano. Ukiganda na kuwa mweupe kama ute wa yai, sindano ilisubiri. Hapakuwa na umeme, hapakuwa na mashine, hapakuwa na barabara ya lami. Kulikuwa na mganga msaidizi, kibomba na moto. Na kulikuwa na kanuni iliyosema: mkojo kwanza, sindano baadaye.

Tafadhali ishike kanuni hiyo moyoni, maana tutairudia.

Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu walitambuliwa mkoani Kagera. Ugonjwa ukafuata barabara, kama yalivyofanya magonjwa yote yaliyotangulia. Uliwafuata wafanyabiashara, askari, madereva, na wale waliowauzia madereva chakula na kuwapangishia vyumba. Miji ya njiani, Igunga ikiwa mmoja wapo, haikuweza kuepuka.

Wakati huo huo madaktari wa Marekani walikuwa wanatafuta dawa yoyote, hata ya zamani, itakayomzuia kirusi. Na je, unajua ni ipi waliyoikuta kabatini? Suramini! Mwanasayansi Erik De Clercq wa Ubelgiji alikuwa ameonyesha mwaka 1979 kwamba dawa hiyo ya malale inazuia kimeng'enya ambacho virusi vya jamii hiyo hukitumia kujizalisha. Mwaka 1984 ikaonekana katika maabara kwamba inakizuia hata kirusi cha UKIMWI. Mwaka 1985 wagonjwa wakaanza kuchomwa sindano zake. Hivyo mojawapo ya dawa za kwanza kujaribiwa kwa binadamu dhidi ya kirusi hiki ilikuwa ni ile ile iliyowahi kuchomwa katika mishipa ya wakulima wa Tanganyika.

Haikufaa. Kwa baadhi ya wagonjwa virusi vilipungua, lakini kinga ya mwili haikurudi. Na sumu ilikuwa nyingi: homa, vipele, protini kwenye mkojo, na kuharibika kwa tezi zilizokaa juu ya figo, ambazo mtu hawezi kuishi bila homoni zake. Malale yalihitaji sindano chache tu; UKIMWI ulitaka dawa ya maisha yote. Ikaachwa.

Ikafuata zidovudini, ambayo wengi waliijua kwa jina la AZT. Ilikuwa imetengenezwa mwaka 1964 kwa matumaini ya kutibu saratani, ikaruhusiwa Marekani mwezi Machi mwaka 1987 kwa ajili ya UKIMWI. Mwanzoni ilitolewa kwa kipimo kikubwa, kila baada ya saa nne, hata usiku. Wagonjwa walitapika, wakashindwa kula, damu ikapungua. Mwaka 1990 kipimo kikapunguzwa kwa nusu, na ikadhihirika kwamba nusu ilitosha. Mwaka 1996 ikaja indinaviri, ambayo ilitengeneza vijiwe kwenye figo, hata mgonjwa akaamriwa kunywa maji lita moja na nusu kwa siku, apende asipende. Mwaka 1999 dawa nyingine, adefoviri, ilikataliwa na washauri wa serikali ya Marekani kwa sababu kipimo kilichotakiwa kwa UKIMWI kiliumiza figo. Lakini dawa hiyo hiyo kwa kipimo kidogo ilikubaliwa mwaka 2002 kutibu homa ya ini aina ya B. Umeona? Dawa ni ile ile. Kilichobadilika ni kipimo.

Kwetu sisi haya yalikuwa habari za mbali, maana bei ilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Ukuta huo ulianza kubomoka mwezi Februari mwaka 2001, pale kampuni ya Cipla ya India ilipotangaza mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka. Mwaka 2004 serikali yetu ikaanza mpango wa kutoa dawa bure nchini. Watu waliokuwa wamebebwa kwa machela wakarudi shambani kulima. Mtu ambaye hakuishi miaka ile hawezi kuelewa furaha yake.

Lakini ndani ya mchanganyiko ule wa bei nafuu mlikuwa na stavudini. Mgonjwa alipona, akanenepa, kisha baada ya muda nyayo zikaanza kuwaka moto, mashavu yakabonyea, na kwa wachache tumbo likaanza kuuma bila kukoma, pamoja na kutapika, kwa sababu tindikali ilikuwa imejaa katika damu au kongosho limevimba. Hayo yaliweza kuua. Mwezi Novemba mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi zote kuachana na stavudini. Mahali pake ikachukuliwa zaidi na tenofoviri, na ndiyo ambayo mpaka leo ipo ndani ya kidonge kimoja cha kila siku wanachomeza Watanzania wengi, pamoja na lamivudini na dolutegraviri.

Tenofoviri ni dawa njema. Tumbo huizoea, kirusi huiogopa, na wengi huimeza miaka na miaka bila tatizo. Lakini njia yake ya kutoka mwilini ni figo. Figo zetu huchuja kiasi cha lita 180 za maji ya damu kwa siku, na karibu yote huyarudisha mwilini kupitia mirija midogo sana, zikabaki lita moja na nusu au mbili za mkojo. Chembe za mirija hiyo zina milango ya kuivuta dawa kutoka kwenye damu, na milango mingine ya kuitoa kwenye mkojo. Kwa baadhi ya watu dawa huingia haraka kuliko inavyotoka. Ikirundikana, huviharibu vinu vidogo vinavyozipa chembe hizo nguvu. Hapo mirija hushindwa kurudisha vitu vya thamani, na protini, sukari na fosfati huvuja. Mtu asiye na kisukari anakojoa sukari! Mifupa inaanza kuuma, naye anadhani ni uzee. Wanaofikia hali hiyo ni wachache, tena ikigunduliwa mapema na dawa ikabadilishwa, figo nyingi hupata nafuu. Ikichelewa, figo hazirudi zilivyokuwa.

Hatari huongezeka pale figo zinapokuwa zimechoka tangu mwanzo. Kirusi chenyewe hushambulia figo. Utafiti wa madaktari wa Bugando, Mwanza, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba wagonjwa wengi walikuwa na figo zenye hitilafu hata kabla ya kumeza kidonge cha kwanza. Ongeza presha. Ongeza kisukari. Ongeza dawa za maumivu za aina ya diklofenaki, zinazouzwa duka la dawa kama pipi, ambazo zikikutana na tenofoviri huzibana figo pande zote mbili. Ongeza mtu anayetapika na kuharisha, akakauka maji. Hapo ndipo tumbo na figo vinapokutana: kelele za tumbo zinakuwa mzigo wa figo zilizonyamaza.

Siku moja, katika kijiwe cha chakula pale Igunga, nilizungumza na dereva wa lori. Tulianza na habari za barabara, na polepole akanieleza kwamba anatumia dawa hizi mwaka wa tatu.

"Mzee wangu," aliniambia, "mimi maji sinywi nikiwa safarini, maana nitasimama kila kichaka. Mgongo ukiuma nameza diklofenaki mbili, naendelea. Kile kidonge kikinichafua tumbo, nakiruka mpaka nifike."

Nikamwuliza kama aliwahi kumweleza mhudumu wa kliniki.

"Nitamwelezaje? Foleni ndefu, nachukua dawa naondoka. Wananiuliza kama nimemeza zote, basi nasema nimemeza."

Na figo, je? Walishazipima?

Akacheka. "Figo zina nini, mzee? Mimi figo haziniumi."

Ndugu msomaji, jibu hilo halikutoka kwa mtu mjinga. Lilitoka kwa mtu ambaye hakuna aliyemwambia kwamba figo haziumi. Naye alikuwa anafanya hesabu yake mwenyewe, kama wale waliotoroka makambi ya malale, bila kupewa tarakimu zote.

Tuliliona jambo hili kwa ukubwa wake mwaka 2011, wakati maelfu ya watu walipopanga foleni za magari kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500. Wapo waliokuwa na virusi ambao walikunywa wakaacha vidonge vyao, na wapo waliolipa kwa uhai wao. Magazeti yaliandika juu ya imani na juu ya ujinga. Machache yaliuliza swali la maana zaidi: kwa nini mtu aliyepewa dawa bure na inayofanya kazi alikuwa na hamu kubwa hivyo ya kuachana nayo? Sehemu ya jibu ni kichefuchefu cha kila asubuhi ambacho alikuwa hana wa kumweleza. Mtu akiambiwa dawa haina madhara kabisa, siku akiyapata madhara hatamwamini tena aliyemwambia. Lakini akiambiwa tangu siku ya kwanza, "tumbo linaweza kukusumbua majuma machache, ule kwanza, litatulia, na figo zako tutazipima, maana wewe hutazisikia," huyo atavumilia, na mambo yakizidi atarudi kusema.

Basi tufanye nini? Kwanza, sisi wenyewe. Anayetumia dawa asiache wala kuruka siku bila kusema na mganga, kwa maana kirusi kikiachiwa nafasi kitaharibu figo kuliko kidonge. Akitapika au kuharisha siku mbili mfululizo aende kituoni, na anywe maji. Kabla ya kununua dawa ya maumivu amwambie mwuzaji kwamba figo zake zina kazi nyingine. Na katika kliniki awe na ujasiri wa kuuliza swali moja fupi: "Figo zangu zimepimwa lini?"

Pili, waganga wetu, ambao najua wamechoka na ni wachache. Miongozo ya tiba ya nchi inataka kazi ya figo itazamwe mgonjwa anapoanza dawa na baadaye kwa vipindi. Kipimo cha kreatinini katika damu kinahitaji mashine, na mashine haipo kila zahanati. Tena dolutegraviri huweza kuipandisha kreatinini kidogo bila figo kuumia, kwa hiyo namba peke yake haitoshi. Inahitaji mtu wa kuisoma. Lakini kijiti cha kuchovya kwenye mkojo, kinachoonyesha protini na sukari, ni rahisi kuliko kibomba na moto wa spiriti. Kama mganga msaidizi wa miaka ya thelathini aliweza kuutazama mkojo kabla ya kila sindano, sisi tunashindwaje kuutazama japo mara moja kwa mwaka?

Tatu, serikali na wanaotusaidia. Mwezi Januari mwaka 2025 Marekani ilisimamisha kwa ghafla misaada yake ya nje, na nchi nyingi za Afrika zikatambua jinsi kabati la dawa zao lilivyotegemea ufunguo wa mtu mwingine. Fedha zikipungua, kila mtu hukimbilia kulinda vidonge, na ni sawa. Lakini nahofu kwamba kitakachokatwa kimya kimya ni vipimo, kwa sababu vipimo, kama figo, havipigi yowe vikikatwa. Kidonge kisipofika, gazeti litaandika. Kijiti cha mkojo kisipofika, nani ataandika?

Suramini yenyewe haikufa. Iliendelea kutibu malale kali ya hatua ya kwanza kwa karibu miaka 100, mpaka mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza vidonge vya fexinidazole vichukue nafasi ya kwanza. Dawa yenye sumu kiasi kile ilidumu muda wote huo na kuokoa maisha kwa sababu waliokuwa wakiitoa waliiogopa kwa kiasi kinachostahili. Waliiheshimu. Hawakumwambia mgonjwa kwamba ni maji ya baraka, wala hawakuitupa kwa kuwa ni kali. Walipima mkojo, kisha wakachoma sindano.

Vidonge vya leo ni vipole kuliko suramini, mara nyingi sana. Huo ndio mtego wake. Ukali wa dawa ya zamani ulimkumbusha mganga kupima. Upole wa dawa ya leo unamsahaulisha. Na yule dereva wa Igunga atavuka Wembere usiku wa leo, chupa ya maji ikiwa imejaa, diklofenaki mfukoni, akiamini kwamba kisichouma ni kizima.

Mwenye jamaa anayetumia dawa hizi, na amwulize leo hii swali lile fupi nililolitaja. Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.